Siti binti Saad: Ni Nani Aliyemlipa?

Jina la Siti binti Saad si geni masikioni mwa watu wa pwani. Hapa Majengo, Mombasa, wengi walio watu wazima leo walizaliwa baada ya bibi huyu kufariki, lakini jina lake walilipokea kwa mama na nyanya zao, waliozisikia sahani zake za santuri wakati santuri yenyewe ilikuwa kitu cha ajabu mtaani. Kila anayemtaja humsifu kwa sauti, na sifa hiyo ni haki yake. Makala haya yatamtazama kwa upande mwingine, nao ni upande wa fedha. Muziki hauli upepo. Udi hununuliwa, fidla hununuliwa, na mpigaji ana watoto nyumbani. Kwa hiyo tuulize: katika kisiwa kidogo cha Unguja, chenye Sultani na kasri na Waingereza juu yake, ni nani aliyekuwa akiulipia muziki? Na mwanamke aliyetoka shamba akiuza vyungu alilipwa na nani, hata akathubutu kuimba mambo ambayo wengine hawakuyaimba?

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini mwa Unguja, yapata mwaka wa 1880. Baba yake, Mzee Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi, na mama yake asili yake ilikuwa Uzigua. Wazazi hao walikuwa watu wa kazi za mikono: baba mkulima, mama mfinyanzi. Mtoto akapewa jina la Mtumwa. Msomaji wa leo atashtuka, lakini utumwa katika Unguja haukupigwa marufuku mpaka mwaka wa 1897, na jina kama hilo lilieleza bila kuficha mahali ambapo mtoto alisimama katika jamii. Chuoni hakupelekwa. Alichofundishwa ni udongo: kuuchimba, kuukanda, kufinyanga, kuchoma, na kisha kubeba vyungu kichwani na kwenda kuviuza. Mwuza vyungu hana budi kunadi bidhaa yake, na inasimuliwa kwamba sauti yake ilikuwa ikitangulia, watu wakajua ni nani anayekuja kabla hajaonekana njiani. Hiyo ndiyo shule yake ya kwanza ya kuimba, wala hakuna aliyeilipia.

Huku kijana huyo akibeba vyungu, mjini palikuwa na muziki wa namna nyingine kabisa. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka wa 1870 hadi 1888, alikuwa mtu wa kupenda mambo makubwa. Yeye ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, jumba ambalo mpaka leo ni alama ya Unguja ingawa upande mmoja wake ulianguka mwaka wa 2020. Alikuwa ameishi Bombay uhamishoni, na mwaka wa 1875 alisafiri hadi Uingereza. Mfalme wa namna hiyo hakutaka kasri lake liwe kimya. Habari iliyopokewa ni kwamba alileta wanamuziki kutoka Misri, kisha akamtuma kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni. Kijana huyo aliporudi aliwafundisha wengine, na kasri likapata kundi lake.

Tuliangalie jambo hili kwa makini, maana ndio mwanzo wa siasa ya utamaduni katika kisiwa kile, ingawa wakati huo hakuna aliyeliita hivyo. Dola ilitoa fedha, ikamsomesha mpigaji, ikanunua ala, na ikapata ilichokilipia: muziki wa Kiarabu, ulioimbwa kwa Kiarabu, kwa masikio ya wageni wa Sultani. Hatumlaumu Seyyid Barghash. Bila ya yeye pengine taarab isingefika kwetu kwa sura tunayoijua. Lakini mtu wa Fumba hakuwa na kiti katika ukumbi ule, na hata angalikipata, maneno asingaliyaelewa.

Mwaka wa 1905 vijana wa mjini walianzisha chama chao, Nadi Ikhwan Safaa, wakachukua jina lililowahi kutumiwa na wale wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10. Fedha sasa hazikuwa za Sultani peke yake. Wanachama walichanga, na ala ziliagizwa kutoka Misri. Hii ilikuwa hatua kubwa, kwa maana muziki ulitoka kasrini ukaingia mikononi mwa watu wa mji. Hata hivyo, ilikuwa ni klabu ya wanaume, na ya wanaume wenye nafasi, na nyimbo zilibaki za Kiarabu.

Mwaka wa 1911 Mtumwa binti Saad aliacha vyungu akahamia mjini. Alikuwa na umri wa kama miaka 30, umri ambao mwanamke wa zama zile alihesabiwa kuwa amekwisha pita wakati wa kuanza jambo jipya. Bahati yake ilikuwa kukutana na Ali Muhsin, mmoja wa wanachama wa Ikhwan Safaa. Bwana huyu aliisikia sauti yake akakubali kumfundisha kuimba kwa kufuata ala na kutamka Kiarabu ipasavyo. Hivyo elimu iliyolipiwa na mfalme kule Cairo, na kuendelezwa kwa michango ya mabwana wa mjini, ikamfikia binti wa mfinyanzi kwa njia ya mlango wa nyuma. Hakuna ofisi iliyopanga iwe hivyo.

Baadaye alipata wenzake wa kudumu: Maalim Shaaban, Subeit Ambari, Buda Swedi na Mbaruk Talsam. Jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Kubadilika kwa jina hilo tu kunatosha kumwonyesha msomaji umbali aliokwenda. Si wote waliofurahi. Palikuwa na walioimba na kusema kwamba huyu ni mtu wa shamba, hana nasaba, wala sura ya kuvutia hana. Bi Siti hakwenda kugombana nao barazani. Alijibu kwa wimbo, na maana ya jibu lake ilikuwa kwamba uzuri wa umbo na ukoo si kitu mtu akikosa akili na tabia njema. Waliomtukana wamesahauliwa majina yao, na wimbo ule bado unaimbwa.

Alikaa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, penye nyumba za udongo na makuti. Hapa sisi watu wa Majengo tunaweza kuelewa haraka kuliko wengine. Majengo yetu nayo yalikua nje ya Mji wa Kale katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, yakapokea watu wa kila asili: waliokuwa watumwa na wana wao, wachukuzi wa bandarini, Waislamu waliotoka bara na wale waliotoka visiwani na kusini. Na jambo moja zaidi: nyumba ni yako lakini ardhi ni ya mwingine. Mtu hujenga, huezeka, huoza binti zake katika nyumba hiyo, na kila mwezi hulipa kodi ya mahali iliposimama. Ng'ambo ilikuwa vivyo hivyo, na mwaka wa 1928 wakaaji wake walisimama pamoja wakakataa kulipa kodi ya ardhi. Watu hao ndio waliokuwa wakijaa nyumbani kwa Bi Siti usiku, kundi lake lilipokuwa likifanya mazoezi. Walikuja na habari za mchana: nani kafungwa, nani kadhulumiwa, hakimu kasema nini. Habari hizo zikageuka nyimbo, tena kwa Kiswahili.

Wimbo wa Kijiti ni mmoja wao. Kisa chenyewe kilikuwa kizito. Mwanamke mgeni, aliyekuja Unguja kutoka bara naye akiwa mjamzito, aliuawa na mwanamume aliyemchukua matembezini. Mwuaji alivuka bahari akatoroka. Wanawake waliofika mbele ya mahakama ya Waingereza kueleza yaliyotokea ndio waliotiwa hatiani, kwa sababu ya ulevi ulionunuliwa usiku ule. Ulevi ni haramu, na hakuna Mwislamu atakayeutetea. Lakini watu wa Ng'ambo waliuliza, na Bi Siti akawaulizia kwa sauti ambayo hakuna karani wala polisi angeweza kusema hakuisikia: damu ya mwanamke yule imelipwa na nani? Katika wimbo mwingine alimkejeli afisa aliyezoea kuwapunja watu wasiojua kusoma, naye mwisho wake akaonja jela.

Je, nyimbo kama hizo zingalilipiwa na kasri? Kwa maoni yangu, haikuwezekana. Sultani wa wakati huo, Seyyid Khalifa bin Haroub, anakumbukwa kuwa mtu mpole na mwenye kupendwa, na Bi Siti aliitwa kuimba mbele yake na katika majumba ya matajiri wa Kiarabu na Kihindi. Alikwenda, akaimba kwa adabu, akatunzwa. Lakini palipoitwa kasrini paliimbwa ya kasrini. Waingereza nao, waliokuwa na hazina halisi mikononi mwao tangu kuifanya Unguja nchi ya himaya mwaka wa 1890, hawakuona kwamba mwimbaji wa Ng'ambo ni mtu wa kutiwa katika hesabu za serikali. Ngoma kwao ilikuwa jambo la kutolewa kibali, na kibali chaweza kunyimwa.

Waliobaki ni watu wenyewe: mwenye harusi aliyetoa rupia zake, wanawake waliosimama kumtunza sarafu moja moja. Unguja ilikuwa bado inatumia rupia, na haikuingia katika shilingi mpaka mwaka wa 1936. Malipo ya namna hiyo ni madogo na hayana uhakika. Leo kuna harusi mbili, mwezi ujao hakuna. Lakini wanaolipa ni wengi, na hakuna mmoja wao awezaye kumwambia mwimbaji afunge mdomo.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mnamo mwaka wa 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimwita Bi Siti na wenzake Bombay kurekodi sahani. Safari ilikuwa ya meli, na mwimbaji alikuwa akikaribia miaka 50. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kusikika katika sahani ya santuri. Sahani zenyewe zilibandikwa ile picha ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake, na si vigumu kuwazia watu wetu wa pwani walivyoitazama picha hiyo kabla ya kuiweka sindano. Mauzo yalizidi matumaini ya wafanyabiashara. Safari ikarudiwa, na mwaka wa 1930 kampuni ikavuka bahari kuja kurekodi Unguja kwenyewe. Kampuni nyingine za Ulaya nazo zikaingia mbioni kutafuta waimbaji wa Kiswahili, maana zilikuwa zimegundua kwamba huku kuna wanunuzi.

Kampuni haikuja kwa kupenda utamaduni. Ilikuja kuuza santuri, na mtu hanunui santuri kama hana sahani za lugha yake. Aliimba Kiarabu, aliimba na Kihindi, lakini zilizovuka mipaka ni zile za Kiswahili. Zilipakiwa melini zikashuka Mombasa, Lamu, Tanga na Dar es Salaam, zikapanda reli kwenda bara hadi Uganda. Mkahawa uliokuwa na santuri ulipata wateja, na asiyekuwa na senti ya kahawa alisimama nje akasikiliza bure. Kwa hivyo sauti ya Ng'ambo ikaingia Majengo bila ya pasi wala kibali. Kilichokuwa kimeshindwa kufanywa na fedha za kifalme kwa miaka 50, yaani kuifanya taarab kuwa mali ya Mswahili wa kawaida, kilifanywa na mfinyanzi wa Fumba na mfanyabiashara asiyejua maana ya neno analoliuza.

Hapa pana swali ambalo gazeti linalosomwa na Waislamu haliwezi kulipita kimya. Muziki wenyewe una hukumu gani? Masheikh wamekhitalifiana tangu zamani, na makala ya gazeti si mahali pa kutoa fatwa. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1930 Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alikuwa akiandika hapa Mombasa, katika Sahifa na baadaye Al-Islah, juu ya hali ya Waislamu wa pwani na kurudi kwao nyuma. Na kweli palikuwa na mambo ya kusikitisha. Vyama vya wanawake vya lelemama katika mji huu vilishindana kwa mavazi, karamu na mapambo mpaka watu wakaingia katika madeni, na hiyo ni israfu, na israfu imekatazwa waziwazi. Mwenye kumsifu Bi Siti na afahamu pia kwamba fedha za harusi zilizolipa taarab, mara nyingine zilitoka katika nyumba isiyokuwa na akiba ya mwezi.

Kwa upande wake mwenyewe Bi Siti, hakuna aliyesimulia kwamba alikuwa mtu wa kujitangaza kwa mwili wake. Alijistiri, hata usoni alikuwa akijifunika anapoimba mbele ya watu. Waliomjua walimtaja kwa upole na ukarimu. Ameacha nyimbo za mapenzi nyingi, hilo halifichiki, lakini katika nyimbo zake wanyonge wamepata mtetezi na wadhalimu wamepata aibu, na hayo nayo yawekwe katika mizani.

Mombasa yetu, tofauti na Unguja, haikuwa na kasri la kulipia muziki. Liwali hakuwa Sultani. Taarab ya hapa ililelewa na harusi, na baadaye na wenye maduka ya sahani kama Assanand, waliouza na kurekodi. Sauti za Juma Bhalo na Zein l'Abdin zilifika zilikofika kwa njia hiyo ya biashara na ya tuzo. Wako wanaoona kwamba tulipungukiwa. Pengine ni kweli, kwa maana hatukupata chuo, hatukupata ukumbi, na wapigaji wetu wengi wamezeeka bila ya chochote. Lakini tulirithi desturi ile ile ya Bi Siti, ya mwimbaji kuwategemea wasikilizaji wake.

Katika Unguja mambo yaligeuka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Dola mpya iliamua kwamba utamaduni ni kazi ya serikali. Kundi lililoanzishwa mwaka wa 1958 kwa jina la Shime Kuokoana likaja kujulikana kama Culture Musical Club, likiwa chini ya wizara. Ikhwan Safaa haikufa, ilipita katika misukosuko na majina, na bado ipo. Makundi yalipata mahali na ala, na nyimbo za kuisifu serikali hazikukosekana. Ni desturi ile ile ya Barghash kwa bendera nyingine: anayetoa fedha hupenda kusikia jina lake.

Zama zilizofuata zimeleta wafadhili wa nje. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka wa 2004 katika Mji Mkongwe, lilishindwa kufanyika mwaka wa 2016 kwa sababu fedha hazikupatikana, likarudi mwaka uliofuata. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofungua milango mwaka wa 2002 na kinachofundisha kanuni, udi na fidla kwa watoto wa kisiwa, mwaka wa 2019 kilitangaza kwamba huenda kikafungwa kwa ukata. Nchi yenye watalii wengi namna ile, wanaopelekwa kusikiliza taarab jioni, haikuwa imepata njia ya uhakika ya kumlipa mwalimu wa taarab asubuhi. Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza Bi Siti akiwa msichana na aliyefariki Aprili 2013, alizunguka dunia nzima na kupewa tuzo, lakini aliishi maisha ya kawaida kabisa katika nyumba ya kawaida.

Nalo jina la Siti limetumiwa na wengi. Waandishi wanawake wa Tanzania, walioanzisha chama chao TAMWA mwaka wa 1987, waliliita jarida lao Sauti ya Siti. Hao angalau walijua wanachokichukua: si uzuri wa sauti tu, bali ujasiri wa kusema.

Bi Siti mwenyewe alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Sauti ya Unguja, redio ya kisiwa, ilianza baada ya hapo, kwa hiyo serikali ilipopata chombo cha kuwafikishia watu wake sauti, sauti kubwa kuliko zote ilikuwa imekwisha nyamaza na imebaki katika sahani.

Aliyeona kwamba maisha haya yanastahili kuandikwa hakuwa Mzanzibari. Alikuwa Shaaban Robert, karani wa serikali huko Tanganyika, mtu wa Tanga, mshairi aliyekuwa akiandika kwa saa alizoziiba baada ya kazi. Alizungumza na Bi Siti katika siku zake za mwisho, akayakusanya maneno yake na akaandika wasifu wake kwa Kiswahili, wakati ambapo maisha ya mwanamke Mwafrika, tena mwimbaji, tena mtoto wa mfinyanzi, hayakuhesabiwa kuwa jambo la kitabu. Muswada ulingoja. Mwaka wa 1958 ulichapishwa pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, chombo kilichoendeshwa kwa fedha za serikali za kikoloni. Ilikuwa miaka 8 tangu kuzikwa kwa mwenye maisha hayo. Shaaban Robert alifariki mwaka wa 1962, na Wasifu wa Siti binti Saad ulipotoka kuwa kitabu cha kuuzwa madukani mwaka wa 1967, aliyesimuliwa na msimuliaji wote wawili walikuwa kaburini.